Kiko Kiko Wapi?

Mwalimu wetu wa siasa huingia darasani nyuma ya moshi wake. Kwanza unakuja moshi, halafu tumbo, halafu yeye mwenyewe, na mwisho kabisa, kama amelikumbuka, linakuja somo. Nyie mnaokaa mbele mnasema moshi ule unanukia keki. Mimi nakaa nyuma karibu na dirisha, na nawaambia unanuka kama mtu aliyechoma viatu vipya ndani ya duka la peremende.

Siku ile alikuja na sanduku. Akalifungua juu ya meza polepole, akatandika kitambaa, akatoa viko vyake kimoja kimoja. Hiki cha mti wa Ulaya. Hiki cha gunzi la mahindi, kimetoka Marekani, ambako wiki moja kabla alituambia hakuna jema litokalo. Hiki kilichopinda kama shingo ya bata ni cha kuvutia jioni, baada ya chakula. Alivizungumzia kama baba wa watoto waliofaulu. Tumbaku ya asubuhi iwe nyepesi, ya mchana iwe na utamu kidogo, ya jioni iwe nyeusi. Usiishindilie sana, usiilegeze sana, na kiko kimoja usikivute siku mbili mfululizo, nacho kinahitaji likizo. Ubaoni, nyuma ya kichwa chake, palikuwa pameandikwa KUJITEGEMEA.

Mwisho akatoa kiko cha udongo, cheusi, kidogo kama yai la kanga.

"Na hiki," akasema, "nilipewa na bibi mmoja kule Handeni, kwa mapenzi yake mwenyewe. Mwananchi wa kawaida kabisa, hajui kusoma. Lakini alitambua kwamba mimi najua thamani ya kiko."

Mkacheka kwa adabu, kama mnavyocheka kila anapofungua mdomo. Mimi niliinama chini ya dawati, nikajifanya naokota kalamu. Kwenye ukingo wa kiko kile pana pengo dogo, kama jino lililong'oka. Pengo lile nililitia mimi. Nilikiangusha juu ya jiwe la kusagia kabla sijaanza hata darasa la kwanza. Chini ya dawati nikauma kola ya shati langu la shule, maana ningeiachia ningemtukana, na matusi niliyorithi ni ya Kishambaa, yana urefu.

Alinisahau kabisa, huyu bwana. Mimi sikumsahau.

Bibi yangu, mzaa baba, alizaliwa Kwashemshi, milimani, akaolewa huku chini Misima, na hakumsamehe mtu hata mmoja kwa sababu ya joto. Alishuka mlima na vitu viwili: kiko alichofinyangiwa na mama yake, na ulimi. Kiko kilikuwa na safu tatu za alama za ukucha, ukucha wa mama yake huyo, kukizunguka chote. Mrija wake ulikuwa wa mti, umetobolewa kwa waya wa moto. Mrija ukiungua alitengeneza mwingine. Kichwa cha kiko kilibaki kilekile.

Kila baada ya mavuno mpwa wake alimletea tumbaku kutoka Kwashemshi, imesokotwa na kufungwa kwa majani makavu ya mgomba. Bibi alifungua, akafumba macho, akanusa, halafu akaanza kumsema mpwa mwenyewe akiwa palepale anakunywa maji.

"Hii umeianika juani."

"Shangazi, mvua ilikuwa inakaribia."

"Mvivu wewe. Tumbaku haianikwi juani kama chupi. Inatundikwa juu ya moshi wa jiko, ikae, ifikiri."

Kisha alichambua. Majani ya chini ya mche aliyaita ya kukohoa, akawapa wageni asiowapenda. Ya katikati yalikuwa ya mazungumzo. Yale ya juu kabisa, madogo, yanayonata vidoleni, yalikuwa ya kunyamaza, na hayo alivuta peke yake baada ya sala ya alasiri. Mimi nilijifunza harufu zote tatu kabla ya kujifunza herufi. Ukisikia harufu ya mazungumzo, unaweza kuomba muwa. Ukisikia ya kunyamaza, unapita nyuma ya nyumba. Mwezi wa Ramadhani ukoo mzima uliomba jua lizame mapema, na si kwa sababu ya njaa yetu.

Palikuwa na desturi pia. Mgeni mvutaji akifika, Bibi humpa kiko chake. Mgeni huvuta pumzi tatu, hufuta mdomo wa mrija kwa kiganja, hurudisha. Hakuna kuulizana. Kwa Bibi, mtu aliyekataa kumpa mwenzake kiko alikuwa mchawi, na mtu aliyekataa kukirudisha hakuwa na jina, kwa sababu hajawahi kuonekana.

Basi tukaambiwa tuhame, twende kijiji cha ujamaa. Nyumbani kwenu napo palihamishwa, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza lori lina magurudumu mangapi. Bibi alikataa. "Nilishahama mara moja nikaja kwenye joto," alisema. "Sihami tena mpaka nibebwe." Baba alimbembeleza wiki mbili. Hakuna.

Mkutano ukafanyika kwenye uwanja wa shule, nami nikaenda na Baba. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza huyu mwalimu wetu, siku hizo akiitwa Bwana Maendeleo: kaptula iliyopigwa pasi mpaka inakata, soksi ndefu, na kiko mkononi. Alisimama juu ya kiti, na kila alipotaka kusisitiza jambo alikiinua kiko juu kama mwenge.

"Ndugu wananchi! Huko tuendako, mnauliza kisima? Kisima kiko! Mnauliza kinu cha mashine? Kiko! Kituo cha afya? Kiko! Kiwanja cha mpira? Kiko!"

Sasa muwe na huruma. Nyumbani kwetu tulisema Kizigua kilichochanganyika na Kishambaa cha Bibi. Kiswahili nilikuwa nakiokota njiani, na neno kiko kwangu lilikuwa na maana moja tu duniani. Tena mtu mwenyewe analitamka akiwa amekishika na kutuonyesha. Nilirudi mbio, nikamwacha Baba nyuma.

"Bibi! Huko kuna viko!"

"Kasemaje? Sema polepole."

"Kasema kuna kiko cha kisima, kiko cha kinu, na kiko cha mpira. Na yeye anacho."

Bibi alimwamini mtoto kuliko mwanawe, ambaye uongo wake, kwa maneno ya Bibi, ulikuwa wa kurithi upande wa babu. Alinitazama kwa makini.

"Anavuta?"

"Anavuta."

"Vizuri?"

"Kinazima zima, Bibi. Anawasha tena, kinazima."

Bibi akatikisa kichwa. "Basi anahitaji kufundishwa." Kesho yake alfajiri tulimkuta mlangoni, amekalia mzigo wake uliofungwa, anauliza lori linachelewa nini. Baba alifurahi mno hata hakuuliza kilichomgeuza. Mimi nilijiona mjumbe mkubwa.

Tulipofika tulikuta vigingi vimepangwa mstari porini, na nyumba moja ya bati. Nyumba ya bati ilikuwa ya Bwana Maendeleo. Kisima hakikuwepo. Kinu hakikuwepo. Kituo cha afya kilikuwa kibao kilichoandikwa Kituo cha Afya. Kilichokuwepo kweli, kwa uaminifu wote, kilikuwa kiko.

Siku ya tatu Bibi alivaa kanga zake nzuri, akanishika mkono, tukaenda kumsalimia. Alichukua kiko na msokoto wa ile tumbaku ya mazungumzo.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Maendeleo.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ni mtu wa kiko."

Alifurahi, lazima niseme ukweli. Alitutembeza ukutani, ambako viko vitano vilining'inia kwenye misumari mitano, akafungua makopo yake ya tumbaku, akamnusisha Bibi moja baada ya jingine.

"Hii wameitia sabuni?" Bibi akauliza.

"Hiyo ni harufu ya matunda, mama. Inatoka Uingereza."

"Wana shida gani huko mpaka wavute matunda?"

Alicheka, akajaza kiko chake, akawasha. Kikazima. Akawasha. Kikazima. Kiberiti wakati ule kilikuwa kinatafutwa kijiji kizima, naye alimaliza njiti saba mbele yetu kama mtu anayekula karanga. Bibi akaona aibu kwa niaba yake, akawasha cha kwake kwa kaa la moto kutoka jikoni, akavuta kidogo, akafuta mdomo wa mrija, akampa. Desturi.

Alivuta pumzi ya kwanza, akakohoa. Hakuvuta ya pili. Akakigeuza kiko, akazitazama zile alama za ukucha, na macho yake yakawa kama ya mbuzi aliyeona chumvi.

"Mama, huu ni utamaduni wetu. Hiki kinatakiwa kionekane Korogwe, kwenye maonyesho. Niazime wiki moja tu."

Bibi aliinua kidole kimoja. Halafu akasema, "Wiki moja."

Wiki ikapita, na mwezi ukapita. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Bibi alisimama mbele ya nyumba ya bati nami nikiwa pembeni yake.

"Bwana Maendeleo, kiko changu kiko wapi?"

"Kiko, mama. Kiko."

Na kweli kilikuwepo. Mlango ulipokuwa wazi nilikiona, msumari wa sita, chini ya vile vitano kama mtumishi. Ndivyo nilivyojifunza kwamba neno kiko lina maana ya pili, na maana yake ya pili ni "hupati." Nikaukumbuka ule mkutano, kisima, kinu, mpira, nikaelewa yote kwa mkupuo.

Wanawake walimletea Bibi ugoro. Alikataa. "Mimi si pua," alisema. Jioni alikaa mlangoni, taya zikicheza bila kitu, na ile tumbaku ya kunyamaza ikaota ukungu kwenye majani yake. "Mdomo wangu umefiwa," alimwambia Mama. Hakuniambia hata siku moja kwamba ni mimi niliyemleta. Afadhali angenipiga.

Mwaka huohuo Bwana Maendeleo alianzisha mafunzo ya siasa kwa watoto. Tulikaa chini mavumbini, yeye akatembea huku na huku akinyonya.

"Nani ni mnyonyaji?" alituuliza, akajijibu mwenyewe, kwa kuwa ndivyo anavyofundisha mpaka leo. "Mnyonyaji ni mtu anayenyonya kwa mrija! Amekaa kivulini, ananyonya, wenzake wanalima! Dawa yake ni nini?"

"Kata mirija!" tuliitikia.

"Sijasikia!"

"Kata mirija!"

Nikatazama kijiji kizima kwa akili zangu zote. Wazee wetu walikuwa wanalima. Wafugaji wa ng'ambo walikuwa wanachunga. Mtu aliyekaa kivulini na mrija mdomoni alikuwa mmoja, na alikuwa na mingine nyumbani. Mpaka leo nasema somo lile nililielewa barabara. Nyinyi mlioelewa vingine ndio mlioshindwa mtihani.

Siku alipokuja mgeni kutoka wilayani, watu wote waliitwa uwanjani. Nyumba ya bati haikufungwa, kwa sababu wajamaa hawaibiani, alikuwa akisema. Niliingia na shoka la Mama la kuni. Mpango ulikuwa rahisi: kukata mirija kama tulivyofundishwa, na kuchukua kiko cha Bibi. Viko vile vitano mirija yake huchomoka. Niliipanga kizingitini, migumu kama pembe, nikaikata mmoja mmoja. Shoka lilifanya kazi yake, nami niliimba taratibu. Kisha nikanyoosha mkono kwenye msumari wa sita.

Mtupu.

Nilikimbia uwanjani, vipande vya mirija nimevikunja kwenye gauni. Mgeni alikuwa mtu mwembamba aliyejaa vumbi, na alionekana ametembezwa vijiji vingi.

"Kisima kiko wapi?" alikuwa anauliza.

"Kiko, ndugu. Kiko njiani."

"Na kinu?"

"Kiko kwenye mpango." Na kabla hajaulizwa kituo cha afya, Bwana Maendeleo akatia mkono mfukoni, akatoa kiko cha Bibi. "Ndugu mgeni, hebu ona huu utamaduni. Hiki nimepewa na wananchi, kwa mapenzi yao wenyewe!"

Bibi akasimama. Hakuwa mrefu, lakini alisimama kwa muda mrefu, maana magoti yalikuwa yanauma, na kila mtu alimsubiri.

"Nani kakupa, mwe?"

"Mama, tafadhali, tuna mgeni..."

"Nakuuliza mbele ya mgeni. Kiko changu kiko wapi?"

Mdomo wake ulishazoea. "Kiko, mama," akaanza, na kijiji kizima, vigingi vyote, watu wote waliongoja kisima, wakammalizia kwa sauti moja:

"KIKO!"

Hata mgeni aliuma midomo. Akanyoosha mkono kumwelekea Bwana Maendeleo, akasema, "Ndugu, hebu mpe mama..."

Hapo ndipo mimi, mwenye akili, nilipopenya katikati ya watu na kumwaga vipande vya mirija miguuni pa mgeni.

"Tumeshaikata!" nikasema.

Kicheko kikafa. Mgeni aliokota kipande, akakitazama, akamtazama Bwana Maendeleo, ambaye alikuwa amepiga magoti vumbini na kaptula yake ya pasi, anakusanya mirija yake kama mtu aliyevunjikiwa meno. Mtu fulani akauliza huyu ni mtoto wa nani. Baba akasema ni wake, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Mkutano ukavunjika, kila mtu akizungumzia mirija, hakuna aliyezungumzia kiko. Siku tatu nilikula nimesimama.

Baada ya muda Bwana Maendeleo akahamishwa. Mtu akishindwa Handeni hupelekwa huku Korogwe kutufundisha siasa, akishindwa Korogwe nadhani hupelekwa Ulaya. Aliondoka asubuhi, kiko cha Bibi mfukoni. Nilimpotezea Bibi kiko chake mara mbili: mara ya kwanza kwa kutojua Kiswahili, mara ya pili kwa kukijua.

Mnaona sasa kwa nini niliuma kola.

Jumamosi ya usafi nilijitolea kufagia ofisi ya walimu. Mliniuliza nina homa. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, na safari hii sikuchukua shoka, nilichukua leso. Jumatatu mstarini yeye akasimama mbele yetu, bila moshi, uso umevimba kwa hasira, akanguruma:

"Kiko kiko wapi?"

Shule nzima ikaanza kujikaza isicheke. Nyie mlisikia sauti moja kutoka nyuma, ya upole kabisa, ikijibu:

"Kiko, mwalimu. Kiko."

Mlidhani ni mzaha tu. Lakini mlimwona alivyobadilika? Alitupitia nyuso zetu moja moja kama anatafuta mtu mfupi mwenye magoti mabovu. Halafu akasema tutawanyike. Hajauliza tena.

Likizo nilikwenda nyumbani. Bibi sasa haoni vizuri. Nilimwekea kiko kiganjani, na vidole vyake vikazunguka zile safu tatu za ukucha, vikafika kwenye pengo, vikasimama.

"Wewe ndiye uliyekivunja," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

Akakinusa. Uso wake wote ukakunjamana. "Alikuwa anakitia matunda." Akakitupa katikati ya makaa. Mimi niliruka, akanizuia kwa fimbo. "Kaa chini. Udongo hauoshwi, unachomwa." Tukakaa mchana mzima tukikitazama kinageuka chekundu, mpaka uvundo wote wa peremende ulipoisha, naye akakivuta nje kwa kijiti, akakiacha kipoe.

"Mrija je, Bibi? Nikatafute mti?"

Alinyoosha mkono juu, kwenye makuti, bila kupapasa, akateremsha fungu lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mirija. Mmoja wa kila kiangazi tangu kile kiko kiondoke, yote imetobolewa, yote imelainishwa, mingine imeshaliwa na wadudu. Akachagua ule mpya.

Alijaza tumbaku ambayo mpwa wake hakuacha kumletea, akawasha kwa kaa. Kiliwaka mara moja, wala hakikuzima. Akavuta pumzi tatu, akafuta mdomo wa mrija kwa kiganja, akaunyoosha upande wangu. Nikanyoosha mkono. Akauchapa.

"Wewe bado," akasema. "Kwanza jifunze Kiswahili."

Nikasikia harufu. Ilikuwa ile ya majani ya juu, madogo, yanayonata. Nikapita nyuma ya nyumba.